Komandoo wa Uzi Mwekundu

Kitenge cha mteja nilikiunguza mwenyewe, na sikusingizia umeme. Pasi niliiacha juu ya bega la gauni, nikasimama macho yamenitoka kwenye televisheni. Moshi ukapanda, mteja akapiga ukelele, "Fundi, nguo yangu!" na mimi wala sikugeuka. Nilikuwa namtazama Komandoo.

Ngoja nikueleze taratibu, usije ukasema nimerukwa na akili. Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu mjini. Nina chumba kimoja, vyerehani viwili, na televisheni ukutani niliyoinunua ili wateja wasichoke kusubiri. Mchana ule mvua ilikuwa inanyesha, jambo ambalo kwetu si habari, na kulikuwa na marudio ya tamthilia wanayoipenda wasichana. Tajiri mmoja alikuwa anamzaba mkewe kofi ndani ya chumba cha mtoto wao. Wateja wote walitazama kofi. Mimi nilitazama rafu iliyokuwa nyuma ya yule mke, ambapo watengenezaji walikuwa wamepanga midoli ya zamani ili chumba kionekane cha mtoto wa kitajiri. Kulikuwa na gari la bati, dubu mmoja, na askari watatu wa plastiki, wale waliokuwa wanakunja magoti na viwiko. Wa katikati sikio lake la kushoto lilikuwa limeyeyuka mpaka shavuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa begani kwa uzi mwekundu.

Uzi ule niliufunga mimi, nikiwa na miaka kumi. Ulikuwa uzi wa kufumia vitambaa, niliouiba kwenye kikapu cha bibi. Nilizungusha mara tisa, nikapiga mafundo mawili, moja mbele na moja nyuma, na hadi leo vifungo vya mashati ya watu navifunga hivyo hivyo. Fundi hasahau mkono wake.

"Mama! Nguo inaungua!" Binti yangu, aliyekuwa amefunga shule, alirukia soketi akachomoa waya. "Mama bana, ni mdoli tu huo!"

Mdoli! Enzi zetu, kwa neno hilo angeondoka na jino lake mkononi.

Sisi hatukuwa na midoli, rafiki yangu. Tulikuwa na Komandoo. Mama yetu alikuwa anachuma chai mbali, akatuacha mimi na mdogo wangu wa kiume kwa bibi mzaa mama, upande wa Masoko, kwenye migomba na kahawa. Ukinipa leo sahani ya mbalaga, zile ndizi zinazopikwa na maharage mpaka zinavurugika, nasikia mvua ya kule juu ya bati na sauti ya bibi akimfokea ng'ombe, kuku, mbwa, na sisi mwishoni. Alikuwa na mwiko mmoja tu, wa kupikia na wa kuchapia, na kuna siku ulikuja kichwani kwangu ukiwa bado una maharage. Nililia huku nikilamba. Usinionee huruma, kila mtoto wa pale alipigwa, na kila aliyepigwa alitafuta mdogo wake wa kumpiga. Bibi mwenyewe alikuwa anasema, "Jiwe halijui ukoo," lakini sisi tulikuwa hatusikii.

Barabarani, hatua mia tu kutoka kwa bibi, alikuja kuhamia mwuza mitumba na familia yake. Walikuwa Waislamu, watu wapole, nyumbani kwao wanaongea Kiswahili tu. Siku ya kufungua belo ilikuwa sikukuu. Ile mikanda migumu ilikatwa kwa panga, paa! paa! nguo zikafura kama unga wa andazi, na harufu kali ya dawa ikatutoa machozi. Mwuza mitumba alikuwa na mtoto wa rika langu. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu kuliko wote, na ndiye aliyezamisha mkono kwenye belo la nguo za watoto akatoka na Komandoo, mkono wake mmoja umeng'oka, ana kovu la rangi shavuni, na uso wa mtu ambaye hajawahi kuomba samahani. Rafiki yangu alimwokota, mimi nikamshona mkono. Kwa hiyo alikuwa wetu wawili.

Basi tukaanza vita. Tuligawana, watoto wa juu na watoto wa bondeni, tukatengeneza bunduki za vikonyo vya majani ya mgomba, zile unazichana vipande kisha unapitisha kiganja zinalia ta-ta-ta-ta. Komandoo tulimsimamisha juu ya kisiki. Upande ukishinda unamchukua, na mkubwa wa upande huo ndiye anayemshika mpaka vita nyingine. "Leo nani anamshika?" Hilo ndilo lilikuwa swali la shule nzima, na mara nyingi jibu lilikuwa jina langu, kwa sababu nilikuwa napiga. Nasema ukweli. Nilikuwa msichana mwembamba, kamasi puani, lakini nilikuwa napiga kwa ngumi, kwa kichwa, kwa meno. Mvulana mmoja wa bondeni ana alama ya meno yangu mkononi hadi leo, na ni mzee wa kanisa.

Bunduki za kikonyo zikatuchosha, tukatengeneza manati kwa mipira ya baiskeli. Mwanzoni tulikuwa tunapiga kahawa mbichi. Bibi akaona kahawa yake inapungua mtini, akatuchapa wote, wa kwake na wa wenzake. Tukahamia kwenye mapera machanga. Aliyeleta mawe ni mimi. Nilisema mapera ni ya watoto.

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, na kazi yake katika vita zote ilikuwa mateka. Tulikuwa tunamfunga kwenye mgomba kwa kamba za migomba, tunamchapa miguuni, tunamwambia ataje siri za adui. Maskini, hakuwa na siri hata moja. Siku nyingine alikuwa anabuni, ili mradi tumwachie. Jumamosi ile tulimchapa kupita kiasi, damu ikamtoka kwenye muundi, na nadhani hasira yake ilikuwa imejaa siku nyingi kama mtungi. Tulipomfungua hakulia. Alitembea hadi kwenye kisiki, akamchukua Komandoo, akakimbia naye hadi uani, akamtupa kwenye moto ambao bibi alikuwa anachemshia ndizi.

Rafiki yangu alimtoa kwa kijiti. Sikio lilikuwa limekwisha, shavu linatiririka, na harufu ya plastiki inakaba koo. Rafiki yangu alikuwa analia kweli kweli, si kwa mchezo. Alichana kipande cheupe kutoka kwenye shati la mtumba alilovaa, akamvingirisha Komandoo kama wanavyovingirisha maiti kwao, akaniambia, "Amekufa. Twende tukamzike."

"Nenda ukamzike wewe," nikamwambia. "Mimi nina kazi."

Aliingia kwenye migomba ya bibi peke yake. Mimi nikachukua manati, nikachagua jiwe. Nililichagua, rafiki yangu, wala sikuokota tu lililokuwa karibu. Nilitaka la duara, zito, lisilopinda njiani. Mdogo wangu alikuwa amesimama penye zizi la ng'ombe, amegeuza uso pembeni, anakula ndizi. Wenzetu walikuwa bado wameinamia moto, hakuna aliyenitazama. Nikaita jina lake ili ageuke.

Aligeuka. Sauti ya jiwe lile mimi sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye meno. Ndizi ikaanguka kwanza, ndipo akaanguka yeye. Alipoondoa mkono usoni, katikati ya vidole palikuwa na damu na kitu kingine kama ute wa yai, na ukelele alioupiga uliwafanya ng'ombe wavunje mti wa zizi. Nikaitupa manati chini.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana maisha ya watu wanne yalivunjika kwa neno moja.

Bibi alitokea migombani, jembe mkononi, anahema. Kabla hata hajausikia ukelele, alikuwa amemkuta mtoto wa mwuza mitumba amechuchumaa katikati ya migomba yake, anafukia kisanamu kilichofungwa kitambaa cheupe. Wewe ni mtu mzima, unajua maana yake. Kwetu mtu hafukii kitu kwenye shamba la mwenzake, achilia mbali kisanamu kilichovikwa sanda. Bibi alikuwa Mkristo wa kwenda ibada kila Jumapili, lakini hilo aliliogopa kuliko radi. Na dakika ile ile aliyoliona, mjukuu wake akapiga ukelele, jicho limepasuka. Kichwani mwake mambo mawili yakawa moja.

Nyuma yake alikuja rafiki yangu, mikono imejaa udongo. Na kutoka barabarani akaja mwalimu wetu wa nidhamu, mtu wa Pwani, aliyekuwa amepanga jirani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula, na kwa heshima yake bibi alijitahidi kumwambia kila kitu kwa Kiswahili. Mwalimu aliona mtoto, akaona damu, akaona manati chini.

"Nani ameshika hii?" akauliza. "Nani alishika?"

Bibi akanyoosha kidole. "Huyu! Huyu ndiye alisika! Nimemwona kwa macho yangu, kwenye migomba yangu!"

Umelipata? Wazee wetu wa Kinyakyusa, herufi ya *z* haikai mdomoni mwao, wala ile *sh*. Zote kwao ni *s*. Zamani ni samani, shamba ni samba. Kuzika, kusika. Kushika, kusika. Bibi alikuwa anasema alizika. Mwalimu alisikia alishika.

"Sikushika, mwalimu! Wallahi sikushika!" rafiki yangu akasema.

Na bibi naye, masikioni mwake, akasikia mtoto anakataa kwamba hakuzika. Akapandwa na hasira. "Gwe! Wewe unanifanya mimi mwongo? Mtu msima kama mimi? Udongo huo mikononi ni wa nini?"

Mwalimu akaitazama ile mikono, akaona mikono ya mtu aliyekuwa anaokota mawe. Kofi la kwanza lilimgeuza rafiki yangu akaangalia alikotoka.

"Nilikuwa nazika!" akalia, damu imeshamjaa mdomoni. "Nilikuwa nazika tu!"

"Si mmesikia!" bibi akapaza sauti, akatugeukia wote. "Mwenyewe amesema! Mwenyewe amesema alisika!"

Pale uani tulikuwa watoto kama wanane. Wa bondeni walikuwa wameshakimbia, waliobaki walikuwa wanamtazama mdogo wangu. Aliyeelewa ni mmoja tu. Nililelewa kwenye mgongo wa bibi, Kiswahili chake nilikijua kuliko alivyokijua yeye, na nilisikia kabisa, wazi kama ninavyokusikia wewe, kwamba anasema hili na mwalimu anapokea lile. Neno moja lilitosha. "Mwalimu, bibi anasema kuzika." Nilifungua mdomo. Kisha nikalisikia kofi la pili, nikaufunga.

Baba yake aliitwa. Yule mtu mpole alikuja na mkanda wa belo mkononi, na mbele ya majirani wote, ili waone kwamba hamfichi mhalifu, alimpiga mwanawe mpaka shati likanata mgongoni. Alikuwa anapiga huku analia, anasema, "Nimekuja kwa watu kutafuta riziki, wewe unanitoboleaje mtoto wa watu jicho?" Rafiki yangu alilia hadi sauti ikakata. Hakunitaja, na angenitajaje? Hakuona kitu, alikuwa mazikoni.

Jioni ile habari ya kisanamu ikawa imezunguka kijiji kizima. Vijana wakaja na fimbo na mapanga, wakavunja meza ya mitumba, wakachana mabelo, nguo zikakanyagwa kwenye matope. Mmoja alimpiga mwuza mitumba kwa ubapa wa panga shingoni. Niliona magauni ya watoto wa Ulaya yamening'inia kwenye miti ya kahawa, yanalowa mvua. Siku ya tatu walipakia kilichobaki kwenye lori. Rafiki yangu alikaa juu ya mizigo, midomo imevimba, akanitazama. Nilikuwa nimesimama penye njia ya kwa bibi. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri aletewe kitu alichosahau. Lori likaondoka.

Nilienda migombani na kijiko cha kulia, nikafukua. Shimo lilikuwa tupu. Nilijua amerudi usiku kumchukua, nikamchukia kwa hilo. Ndiyo, nilimchukia yeye! Moyo wa mkosaji una mambo.

Mdogo wangu alirudi hospitali na kitambaa usoni, jicho limetolewa, na hakukumbuka ni nani aliyemwita kabla ya jiwe. Alikua, akahamia Isongole, analima viazi, ana mke na watoto, na akitaka kukutazama lazima ageuze kichwa chote kama kuku. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kunyanyua mkono juu ya mtu. Kila msimu ananiletea gunia, na kila akisimulia habari ya jicho lake alikuwa anasema, "Yule mtoto wa mitumba." Bibi alikufa akiamini hivyo hivyo. Mara ya mwisho kumpikia uji aliniambia, "Nasukuru Kyala sikunyamasa siku ile. Mtu akinyamasa, anakula sumu." Kyala ni Mungu. Niliosha bakuli, nikaenda nyuma ya nyumba, nikajipiga kichwa kwenye ukuta mpaka nikaona nyota.

Sasa nirudi dukani, kwenye harufu ya kitenge kilichoungua. Nilimwambia binti yangu atafute kwenye simu ni nani aliyepanga ile rafu. Alicheka, kisha aliponiona uso akaacha kucheka. Watoto wa siku hizi wakitaka kitu hawachelewi. Aliandika kwenye ukurasa wa ile tamthilia, akasema mama yangu anamfahamu askari mwenye uzi mwekundu. Siku mbili hazikupita, ikaja namba, na chini yake maneno: "Mwambie apige."

Nilipiga mchana, kweupe, mdogo wangu yupo. Alikuwa amefika kutoka Isongole kwa bodaboda, amelowa, amekaa juu ya gunia la viazi anakunywa chai. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba Komandoo ameonekana, akashangaa kama mtoto. Akasema weka sauti kubwa nami nisikie. Ningemwambia atoke nje, lakini nilikuwa nimechoka. Ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa nimechoka.

"Ugonile," sauti ikasema. Salamu ya kwetu, baada ya miaka yote hiyo. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayevuta sigara.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mimi ndiye mtu wa vifaa kwenye ile tamthilia. Meza, vikombe, mapanga ya bandia, yote ninatafuta mimi. Na Komandoo kila kazi namweka mahali. Wenzangu wananicheka. Nilisema iko siku mtu wa Masoko atamwona." Kisha akauliza bila hasira, jambo lililoniumiza zaidi, "Dada, hebu niambie kitu kimoja tu. Mgongo wangu una alama za ule mkanda hadi leo, wala sizijali. Ila bibi yenu. Bibi alikuwa ananipa ndizi, alikuwa ananiita mjukuu. Kwa nini alinisingizia kwamba nilishika ile manati?"

Nikamweleza. Alizika, alishika, alisika. Nikamweleza mwalimu alisikia nini na bibi alisema nini. Upande wa pili nikasikia honi za magari ya huko Dar, kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, kikageuka kikawa kitu kingine.

"Kwa hiyo hakudanganya," akasema. "Bibi aliniona nazika, akasema nimezika. Mimi nimemlaani yule mama kila siku ya maisha yangu."

"Hakudanganya."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa aliyeshika ni nani?"

Mdogo wangu akageuza kichwa chote. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, mvuke unapanda.

"Mimi ndiye niliyeshika," nikasema. Nikaitamka ile *sh* wazi kabisa, kama mwalimu wa Pwani, asije mtu akakosea tena. "Nilichagua jiwe, nikamwita jina ili ageuke. Na nilimwelewa bibi pale pale, nikanyamaza."

Simu ikakatika. Mdogo wangu aliweka kikombe chini, juu ya cherehani, polepole, hakumwaga hata tone. Halafu akanipiga. Wala hakuwa na mazoea ya kupiga, alipiga kwa mkono mzima kama anavyokata gogo, nikaangukia kwenye meza ya pasi, jino la nyuma likalegea, damu ikajaa mdomoni chumvi tupu. Binti yangu akapiga mayowe. Mdogo wangu, mtu mpole yule, akautazama mkono wake kama si wake.

"Nimemchukia mtu asiye na kosa," akasema. "Watoto wangu nimewafundisha kumchukia."

Akatoka kwenye mvua. Binti yangu alitaka kwenda kuita watu, nikamzuia. Kofi lile lilikuwa langu, tangu uani kwa bibi, likakosea njia likampata mwingine. Nilitema damu kwenye beseni nikaendelea kushona.

Wiki tatu hakukanyaga dukani. Wiki ya nne, binti yangu akarudi kutoka stendi na kifurushi kilicholetwa na basi, na nyuma yake, kimya, akaingia mdogo wangu. Walikutana barabarani. Tulifungua watatu. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, kimevingirishwa vizuri na kufungwa ncha zote mbili, na ndani ya kitambaa, Komandoo, sikio limeyeyuka, mkono umefungwa mizunguko tisa. Kulikuwa na karatasi, kalamu imekandamizwa mpaka imetoboa:

"Mshike au mzike. Shauri yako."

Mdogo wangu alimchukua, akamsogeza karibu na jicho lake, akapitisha kidole kwenye shavu lililoyeyuka. "Huku ni mimi," akasema. "Huku nilimchoma mimi." Akamsimamisha juu ya cherehani, mbele yangu, akakaa kwenye gunia lake. Kabla hajaondoka aliniuliza kama jino bado linauma.

Komandoo yupo hapo mpaka sasa. Mteja akiuliza huyu ni nani, namweleza yote, jiwe, jina nililoita, mdomo nilioufunga. Wengine wanakuja mara moja hawarudi. Sawa tu. Kwa bibi sasa hivi pana nyumba ya bati jekundu ya watu wengine, kisiki kilishakuwa kuni, na penye meza ya mitumba wanachaji simu. Nimepita huko, sikusikia hata manati moja. Watoto wameinamia simu, wanauana humo humo, damu haiwagusi.

Binti yangu aliisoma ile karatasi mara mbili, akaniuliza, "Mama, kushika na kuzika, mtu anachanganyaje? Mbona ni maneno mawili tofauti kabisa?" Nilitaka nimwitie bibi ajibu, nikakumbuka. Wazee waliokuwa wanaongea vile wamebaki wa kuhesabu kwa vidole, na wajukuu zao wanatamka kila herufi sawasawa kama watangazaji. Kwa binti yangu ni maneno mawili. Kwa bibi lilikuwa moja. Kwangu mimi, niliyeshika jiwe mchana ule na kuzika ukweli jioni yake, limebaki neno moja hadi leo.